Kikohozi cha Baba Mkwe

Nakumbuka asubuhi moja, mjukuu wangu, nilijificha migombani na mtoto mgonjwa mgongoni, nikimkwepa mtu aliyekuwa ananitafuta ili anisaidie. Utasema bibi huyu alikuwa mjinga. Sema tu, sitakasirika. Ila ujinga wenyewe mimi niliuita heshima, na watu walinisifu kwa ajili yake.

Ilikuwa miaka ya hamsini, huku kwetu Rungwe, Mwingereza bado anatawala. Nilikuwa na miaka mitatu kwenye ndoa, na miaka yote hiyo sikuwahi kuuona uso wa baba mkwe wangu. Usinitolee macho! Sisi Wanyakyusa desturi yetu ilikuwa hiyo. Mke wa mtoto hakutani na baba mkwe. Akisikia anakuja, anaacha njia, anajifunika, anangoja apite. Mzee naye anakusaidia: akikaribia mahali ulipo anakohoa, wewe unapotea.

Sasa mimi tangu utoto ni mtu wa kuchunguza. Mzee yule nilimjua vipande vipande. Nilijua unyayo wake kwenye matope, maana mguu wa kulia ulikanyaga kwa upande. Nilijua harufu ya tumbaku yake, na kikohozi chake, kifupi, mara mbili. Siku nyingine uvumilivu ulinishinda, nikamwuliza mama mkwe, "Mama, hivi ana ndevu?" Akanicheka mpaka akashika kiuno. "Ndevu zake unazitakia nini wewe? Hebu palilia kahawa!"

Mchungaji alikuwa ametuambia kanisani kwamba kumsalimia baba mkwe si dhambi. Wenzangu wawili watatu wakaanza. Mimi sikuanza. Nilipenda mno kusikia watu wakisema yule binti ana adabu.

Basi mwanangu wa kwanza, Tusekile, akaugua. Alikuwa na miaka miwili. Homa ilimpanda, akawa analia ukimgusa, halafu shingo ikakakamaa, halafu akaacha kulia kabisa. Kimya kile ndicho kilichonitisha. Nikampeleka zahanati. Dresa, yule mhudumu wa pale, akamwinamisha kichwa kidogo, akaniangalia. "Mama, hapa mimi sina dawa ya ugonjwa huu. Mpeleke hospitali Mbeya. Gari la kesho asubuhi lisikupite."

Gari lenyewe lilikuwa lori moja tu kwa siku, lililobeba mchele kutoka Kyela kwenda Mbeya na kuendelea mpaka Iringa. Nauli sina. Hela ya matibabu sina. Mume wangu alikuwa machimboni Afrika Kusini, na barua yake ya mwisho nilikuwa nimeisahau hata ilisema nini. Nyumbani nilikuwa na jogoo mmoja na migomba. Mama mkwe, aliyekuwa amekuja kunisaidia kuuguza, akavuka mto kurudi kwao kumweleza mzee shida yetu, kwa kuwa mimi nisingeweza kusimama mbele yake. Kulipopambazuka alikuwa hajarudi. Nikasema, mzee amekataa. Nikambeba mtoto, nikamkamata jogoo, nikatoka.

Sijafika mbali, nikasikia kikohozi. Kifupi, mara mbili.

Miguu yangu haikuniuliza. Nikajikuta ndani ya migomba, nimechuchumaa, khanga usoni, nimembana jogoo mdomo. Kati ya majani niliona miguu tu. Ilikuwa na matope mpaka magotini, na ilikuwa inakwenda mbio. Nikashangaa, mzee huyu anakimbilia nini? Njia ile ilikuwa inakwenda nyumbani kwangu tu, na kwangu hajawahi kukanyaga. Akakohoa tena. Akasimama karibu kabisa, akakohoa mara ya tatu, ya nne. Mimi ndiyo kwanza nikajibana zaidi. Mwanangu, mimi niliyekuwa nauliza habari za ndevu, siku ile nilikuwa na swali la maana na nikalimeza. Akapita.

Barabarani lori likaja. Nikamwomba dereva, nikamwonyesha mtoto, nikamnyooshea jogoo. Akasema jogoo si nauli, na tajiri wake hataki kusikia habari za mkopo. Lori likaondoka. Nikakaa pembeni ya barabara, nikalia kwa sauti kama mtu aliyefiwa.

Jua lilikuwa limepanda nilipomwona mzee anakuja, anahema, ameshika fimbo. Nikaujua ule mguu wa upande. Nikajifunika haraka. Yeye akavuka barabara, akakaa chini akanigeuzia mgongo. Kisha akaanza kumsemesha mtoto, ambaye hata macho hafumbui.

"Tusekile, mwambie mama yako nimeuza ng'ombe. Mnunuzi alinichelewesha, nimelipwa alfajiri. Mwambie nimekwenda nyumbani nipate mtu wa kumpa pesa ampelekee, nimekuta mlango umefungwa." Akakwangua matope mguuni kwa fimbo. "Mwambie pale migombani nilijua yupo, niliona nyayo. Mwambie nilikohoa ili atoke, sikukohoa ili ajifiche."

Mwanangu, aibu niliyoipata hapo sijaipata tena. Akaweka kitambaa chenye fundo chini nyuma yake. Nikafunua uso. Nikamzunguka, nikapiga magoti mbele yake, nikasema, "Ndaga, tata," yaani asante, baba. Ndipo nikauona uso wake. Ndevu alikuwa nazo, chache, nyeupe, na zilikuwa zimelowa machozi. Sura ilikuwa ya mume wangu kabisa. Akasema, "Hata mimi nimekosa. Ningekuita kwa jina. Niliogopa watu watanicheka."

Lori jingine halikuwepo mpaka kesho yake. Tulifika Mbeya mtoto amelegea kama nguo iliyoloa. Wakampokea, wakamchoma sindano, saa baada ya saa, siku nyingi. Daktari akaniuliza, "Jana mlikuwa wapi?"

Hakufa. Mungu ashukuriwe, na mzee yule ashukuriwe, na ng'ombe wake pia. Lakini alipoanza kucheza tena niligonga sufuria nyuma yake, hakugeuka. Nikagonga tena. Nikaita jina lake. Homa ilikuwa imeondoka na masikio yake. Daktari hakuniambia kwamba ni kwa sababu ya siku ile moja, na mimi sikuthubutu kumwuliza. Mpaka leo hilo silijui, na litanifuata kaburini.

Ndiyo maana shangazi yako Tusekile unamshika bega unapotaka kusema naye.

Kwa hiyo nakuasa, mwanangu. Heshimu wakubwa, wala usinisikie vibaya. Lakini mtoto akiugua, weka adabu yako pembeni, jitokeze njiani, piga kelele. Mtu akikusogelea wakati wa shida, muulize anatafuta nini kabla hujakimbia. Mwambie una shida gani, kwa mdomo wako, usingoje mwingine akusemee. Na wewe ukiwa na msaada, usikohoe. Ita jina.

Mungu akupe watoto wazima, akupe majirani wa kuwaita na kinywa cha kuwaita. Na siku utakayoita, asikosekane wa kuitika.