Mgonjwa Anayesindikiza Wageni

Jumamosi nilikwenda Kigera kumjulia hali mama mmoja, jirani yetu wa zamani, aliyebadilishiwa magoti yote mawili. Nilikuta wanawake wawili wa kanisani kwake. Kila alipotaka kuinuka walimshika mabega na kumrudisha kitini.

"Pumzika, mama. Wewe mgonjwa."

"Daktari mwenyewe kaniambia nitembee."

Hawakumsikiliza. Lakini walipoaga tu, uso ukamchangamka. Akavuta fremu yake ya kutembelea, akauma meno, akasimama.

"Kaa, mama, tutatoka wenyewe."

"Mgeni wangu hatokagi hapa peke yake. Namsindikizaga."

Nani amkatalie mwenyeji kusindikiza? Wakaburuzana naye mpaka getini, jasho likimtiririka, na akarudi mwenyewe bila kushikwa na mtu.

Akaketi, akahema, akanitazama. Chai yangu ilikuwa bado ya moto.

"Na wewe, mwanangu," akasema, mkono tayari uko kwenye fremu, "hauondoki?"

Nimewahi kufukuzwa kwenye nyumba za watu, lakini hiyo ndiyo mara ya kwanza mwenyeji kunifukuza ili apate kunisindikiza.