Kaza Chini, Legeza Juu

Mimi ni mpishi wa nyumba ya wageni ya Orie, na nasema bila kumung'unya maneno: sijaona mwanamke mkaidi kama yule. Madaktari walipomtibu saratani ya kizazi walimtoa na tezi za kinenani, na tangu hapo maji ya mwili yakakosa njia ya kurudi juu. Mguu wa kushoto ukavimba toka vidoleni mpaka pajani.

Mwenye nyumba kama hii huwapokea wageni mlangoni amepiga magoti, amekalia visigino. Ndivyo alivyofanya mama mkwe wake, Bibi Kinue, hadi uzeeni. Orie hakuweza tena, lakini aliapa kwamba wageni wa mwaka mpya atawapokea yeye.

Kwetu dawa ya kila kitu ni maji ya moto ya chemchemi, yale yale wageni wanayolipia kuyaoga. Orie akajiloweka humo kila jioni, mguu ukazidi kuvimba. Ndipo Bibi Kinue, fundi wa kufunga mshipi mpana wa kimono, vazi letu refu, akachukua bandeji akamfunga, akakaza pajani vile anavyokaza kiunoni. Asubuhi unyayo ulikuwa umefura, soksi haiingii. Nilimkasirikia yule bibi hadi nikaunguza wali.

Muuguzi wa mjini alisema mguu huo hauponi kabisa, unatunzwa: uoshwe, upakwe mafuta ngozi isipasuke, uinuliwe ukipumzika, utembezwe ukiwa umefungwa. Maji ya moto, marufuku.

"Na bandeji, kaza chini, legeza kadiri unavyopanda," alisema. "Unayasukuma maji, huyazibi."

Orie alishika hayo kila siku. Kufikia majira ya theluji mguu ulikuwa umepungua, ila goti bado halikukunjika. Akaweka kigoda mlangoni.

"Nyumba inauza maji ya moto, mwenyewe anayakimbia," Bibi Kinue akamchoma. "Sasa na kigoda. Wageni watasema nini?"

"Watasema nimekaa, Mama. Na mimi nitawaambia karibuni."

Asubuhi ya mwaka mpya kigoda hakikuwepo. Nikajua ni nani aliyekichukua, damu ikanichemka, nikaenda chumba cha nyuma kumtolea uvivu. Nilimkuta Bibi Kinue amepiga magoti mbele ya kigoda, bandeji mkononi, Orie amesimama.

"Weka mguu hapa, mwanangu," alikuwa akisema. "Tunaanzia chini, sivyo?"

Alipomaliza alikibeba kigoda mwenyewe hadi mlangoni. Orie akakaa. Bibi Kinue akapiga magoti kando yake, chini ya mkaza mwanawe, wakainama pamoja.