Kitanda Kilicholia Mbele ya Mama Mkwe

Nimerudi Shinyanga na gari lenye kitanda, jiko, friji na choo, na sikumwomba mtu hata nauli ya kulifuata bandarini. Niliondoka nikiwa mchunga ng'ombe wa baba mdogo. Nimerudi na diploma ya ufundi wa magari, nimeitundika sebuleni mahali ambapo wenzangu hutundika kalenda. Nayasema haya mapema ili ijulikane kuwa anayezungumzia milio ya gari hapa si mtu wa kubahatisha.

Huko ng'ambo lilikotoka, gari-nyumba langu lilikuwa kimya kama kanisa siku ya Jumatatu. Lilipofika Kahama mlango wa kabati ulikuwa unalia. Lilipofika Runzewe, kwa wakwe zangu, kila kitu kilikuwa kinalia: vijiko, vyuma vya jiko la gesi, mbao zikisuguana na mbao. Tukivuka tuta, ungedhani nimebeba harusi nzima na vigelegele vyake.

Tulikuwa tumemfuata mama mkwe. Shemeji yangu mdogo alikuwa amejifungua kule Nkome, mtoto wa kwanza, na bibi yake alikuwa hajamwona. Mama mkwe ana nyonga mbovu, hawezi kubanwa ndani ya basi, kwa hiyo mke wangu alimwahidi kiti cha kuegemea na mahali pa kunyoosha miguu.

"Mama asipomwona mjukuu wake kwa sababu ya hili gari lako," aliniambia tukiingia Runzewe, "utarudi Shinyanga peke yako."

Wa kwanza kutupokea alikuwa kaka yake. Huyu amepata hela kwenye mashimo ya dhahabu, akanunua gari kubwa ambalo vioo vyake havipandi, na mvua ikinyesha huendesha amejifunika turubai. Alilizunguka gari langu mara moja, mikono nyuma, kama afisa wa afya.

"Shemeji, hii gesti yako ina vyumba vingapi?"

"Kimoja, kinakutosha wewe na turubai lako," nikamjibu.

Akacheka. Lakini jina likashika. Kabla sijamaliza chai, bodaboda wote wa kona ile walikuwa wanaliita Gesti.

Ni yeye pia aliyeniletea fundi. Fundi wa Runzewe hatafuti mlio. Analo jibu lake kabla hajasimamisha baiskeli. "Hizo ni bushi," akasema, hajafungua hata mlango. Nikamwuliza kama bushi, mipira ya kule chini kwenye magurudumu, ndizo zinazolia kwenye kabati la vikombe. Akaniambia bushi zikichoka zinasumbua gari zima. Nikaingia kuoga, na nilipotoka alikuwa amekwisha kupaka oili chafu kila bawaba aliyoifikia. Oili chafu ikapokea vumbi, na milio yangu myembamba ikageuka kuwa sauti ya mashine ya kusaga.

Nikaifuta yote kwa petroli na kuanza kazi kama nilivyofundishwa. Mlio hautafutwi kwa kelele, unatafutwa kwa kutoa kitu kimoja kimoja. Mke wangu alishika usukani akazunguka uwanja wa mpira, mimi nimelala sakafuni, sikio kwenye mbao, miguu ikitokeza mlangoni. Vijiko nikavifunga kwenye taulo. Vyuma vya jiko nikaviwekea vipande vya mpira wa tyubu. Mbao zinazosuguana nikazipaka mshumaa. Kila raundi kelele moja ilipungua. Watu walijaa pembeni, na mmoja akauliza kwa huruma mgonjwa anapelekwa hospitali gani.

Jioni nilirudi nyumbani kwa mama mkwe na gari lililonyamaza, isipokuwa sauti moja kule nyuma ambayo niliamua kuimaliza asubuhi.

Asubuhi mama mkwe alitoka na kanga mpya na kapu la unga wa mtama. Kwa wakwe zangu, mama mkwe na mkwe hawasemezani ana kwa ana. Namsalimia kwa mbali, ananiitikia akiangalia ukuta, na mengine yote hupitia kwa mke wangu hata kama tumesimama hatua chache. Aliweka mguu mmoja kwenye ngazi. Nikawasha injini nisogeze gari kidogo, ngazi ikae sawa. Gari likatikisika, na kule nyuma kitanda kikalia. Kililia kwa mdundo, taratibu, hakuna aliyehitaji kuelezwa.

Mama mkwe akarudisha mguu chini.

"Muulize mumeo, nini kinalia?"

"Kabati, mama," mke wangu akasema haraka.

"Nimezaa watoto saba. Sauti ya kitanda naijua."

Kaka mtu, pale getini, akageuka kuangalia barabara, mabega yakimtetemeka.

Nikazima gari, nikaingia chini ya kitanda. Ubao wa chaga ulikuwa unasugua fremu. Mpira wa tyubu, mshumaa, skrubu mbili ndefu. Nikazunguka uwanja, nikapita kwenye mashimo kwa makusudi. Kimya. Kule nilikosomea, kazi kama ile huandikiwa malipo ya siku nzima.

"Mwambie mama kimenyamaza," nikasema.

"Kimenyamaza, mama."

"Kikinyamaza ndiyo kimeondoka?"

Nikamweleza mke wangu amweleze mama yake kwamba hili ni gari, lina namba ya usajili na bima. Mama mkwe alisikiliza hadi mwisho.

"Muulize, lina jiko?"

"Linalo," nikamwambia mke wangu.

"Choo?"

"Kipo."

"Na kitanda chenu kipo. Basi hiyo ni nyumba yenu, na mimi sijawahi kuingia chumbani kwa mkwe. Nitamwona mjukuu wangu akijifunza kutembea, ataletwa hapa."

Mke wangu alishusha mkoba wake kutoka kiti cha mbele akaja kukaa kando ya mama yake, na hapo nikaelewa kuwa hesabu yangu yote ya milio ilikuwa imekosea: kilichokataliwa si mlio, ni kitanda chenyewe.

Nikachukua bisibisi. Kitanda kile kilifungwa na kiwanda ili kisitoke, nami nilikitoa kabla jua halijawa kali, kipande kwa kipande, mbele ya bodaboda wote. Kukiweka ndani kwa mama mkwe kungekuwa aibu ya pili, kwa hiyo kaka mtu ndiye aliyekibeba hadi kwenye stoo yake ya mahindi. Hakuwa na mzaha tena, kilikuwa kizito.

Mama mkwe akapanda. Akanyoosha miguu, akaweka kapu pembeni, akafunga macho. Tulikaribia Katoro bila mlio wowote, nami nikaanza kujisikia vizuri, hadi tulipovuka tuta la kwanza la mjini. Kabati la nyuma, ambalo siku zote lilikuwa limeegemea kitanda, likaanza kulia upya. Nikawasha indiketa nisimame, bisibisi iko mfukoni.

"Mwambie mumeo aendelee," mama mkwe akasema, macho bado amefumba. "Hilo ni kabati."

Lililia hadi Nkome.