Mshona Makuti Aliyelivika Bati Lake

Asubuhi hii ya kiangazi, hapa kijijini Mtawanya, Mwanahawa binti Shaibu amekaa uani kwake juu ya mkeka, miguu ameinyoosha, ufito ameubana kati ya vidole vya miguu. Jani la mnazi lililolowekwa tangu jana analikunja juu ya ufito, analichoma, anapitisha kamba, anakaza. Linafuata jingine. Mikono haiangalii. Anaangalia barabara, maana mwanawe anakuja leo kutoka Nanyamba.

"Mikono inajua kazi yake," anasema. "Macho ndiyo yanayotaka shughuli."

Makuti yaliyokwisha kushonwa ameyapanga nyuma ya jiko, rundo limefika kiunoni. Ukimuuliza ni ya nani, anasema ni ya mteja wa Mikindani.

Alianza kushona makuti kabla hajavunja ungo, na nyumba nyingi za Mtawanya zimefunikwa na kazi yake. Si kazi ya kutajirisha mtu. Makuti mia moja, akiyauza vizuri, humpa nyama ya kitoweo cha siku moja, na chumvi akaazime kwa jirani. "Na mteja anaondoka akiona nimemwibia," anasema.

Jambo ambalo wateja hawaachi kumtania ni kwamba nyumba yake mwenyewe ina bati.

Bati hilo lililetwa na mumewe, Athumani, anayebeba mizigo bandarini. Ule mradi wa Wazungu wa kulima karanga ulipokufa na vitu vyake kuuzwa kwa bei ya chee, Athumani alirudi na mabati juu ya mkokoteni, mwenyewe akitembea mbele yake kama anayeongoza maulidi. Makuti ya mkewe yakateremshwa, mabati yakapanda. Wapitao kwenda bandarini huyaona yakimetameta kutoka mbali, na Athumani huwaona wakiyaona.

"Mvua ikinyesha humu ndani hatusikilizani," anasema Mwanahawa. "Hiyo ndiyo faida niliyoipata mimi. Baba Salma akizungumza siku hizo, naitikia tu."

Jua likiwaka, shida ni nyingine. Mchana ndani hakukaliki, na wenyewe walikwisha kuzoea kushinda uani. Lakini mwaka huu Salma, binti yao wa pekee aliyeolewa Nanyamba, ana mimba ya kwanza, na mtoto wa kwanza huzaliwa kwa mama. Salma alikuja mara ya kwanza kukitazama chumba cha nyuma alichoandaliwa. Aliingia mchana. Mama yake hajamaliza kumenya muhogo, Salma alikuwa ameshatoka, kanga imemgandia mgongoni.

"Mama, humu siwezi," alisema. "Kwa mama mkwe ni nyumba ya makuti, ndani baridi kama mtungini. Anasema nizalie kule."

"Ukamjibu nini?"

"Nimemwambia nitazame kwanza."

Leo akiyasimulia hayo, Mwanahawa anakaza kamba. "Hayo makuti ya Nanyamba unajua aliyashona nani? Mimi. Niliyapeleka mwenyewe wakati wa harusi. Leo yananinyang'anya mjukuu."

Uwezo wao ulitosha jambo moja tu. Mwanahawa alitaka dari, au kitu chochote cha kukaa kati ya bati na kichwa cha mwanawe. Athumani alitaka dirisha. Alikuwa ameziona nyumba za wakubwa kule Shangani zenye madirisha mapana, nyingine na pangaboi linalozunguka juu ya meza ya chakula.

"Joto halizuiliwi, Mama Salma," alimwambia mkewe. "Joto linatolewa. Ukiliwekea dari limepanda juu tu, linakusubiri."

"Likinisubiri huko juu, mimi linanipunguzia nini?"

Dirisha likashinda kwa kuwa mwenye sururu alikuwa Athumani. Ukuta wa udongo ukatobolewa, ikatiwa fremu na mbao mbili za kufungua. Upepo ukaingia. Athumani akashinda chumbani akiupokea, na majirani akawaita waje kuupokea nao.

Kisha akaja Bi Mwaisha, mkunga, ambaye ndiye atakayemkanda Salma kwa maji ya moto na kumtunza hadi atimize arobaini. Alikikagua chumba kama anayenunua mbuzi. Akasimama mbele ya dirisha.

"Dirisha zuri," alisema. "Mna gunia?"

"Gunia la nini, bibi?" akauliza Athumani.

"La kuliziba."

Watu walitazamana. Hakuna aliyekuwa mgeni wa desturi hiyo. Wote walizaliwa katika chumba kilichofungwa, pazia limeshushwa, jiko la makaa chini ya kitanda, mama zao wakilindwa wasipigwe na upepo. Lakini dirisha lilikuwa jipya, na upya wake ukawasahaulisha waliyoyajua tangu utotoni.

"Hata kidogo lisifunguliwe?" akauliza tena Athumani.

"Hata kidogo. Mzazi akipigwa na upepo, ni wewe utakayemkanda?" Bi Mwaisha akainua macho kutazama bati, akayashusha kwenye kitanda. "Juu moto, chini moto. Mnataka nitunze mzazi au nipike mkate wa kumimina?"

"Kucheka ningecheka," anasema Mwanahawa. "Ila shida ilikuwa yangu."

Ikabaki dari, na dari haikupatikana. Mbao zote nzuri zilikuwa zikienda kwa wanaojenga mji mpya kando ya bandari. Mwanahawa akasema basi, kitu alicho nacho ni makuti, na makuti yatapanda juu ya bati.

Athumani alikiweka chini kikombe cha chai. "Nilete bati, kisha nilifunike? Wapitao watasemaje?"

"Watasema mkeo fundi."

"Watasema nimefilisika."

Walinuniana mpaka Mwanahawa alipomkumbusha kwamba barabara iko mbele ya nyumba na chumba cha Salma kiko nyuma. Athumani alitoka nje, akaenda hadi barabarani, akageuka na kutazama paa. Aliporudi alisema tu kwamba chai imepoa.

Kazi ya kuezeka ilifanywa na fundi Selemani. "Nimeezeka msikiti, nimeezeka banda la mbuzi," anasema. "Kulivika bati nguo ndiyo mara yangu ya kwanza." Alilaza fito juu ya bati, akazifunga kwa kamba kwenye ncha za makombamoyo, ile miti inayobeba paa, ili asitoboe tundu la kuvuja. Kati ya bati na makuti akaacha nafasi ya kupitisha mkono, hewa ipite. Makuti akayabananisha kuliko kawaida, kwa amri ya mshonaji.

Leo ukiiona nyumba hiyo ukitokea barabarani, ni ya tajiri. Ukitokea kisimani, ni ya mjane. Athumani huwapitisha wageni wake mbele.

Jua liko utosini Salma anapofika, tumbo limetangulia. Anawaamkia wazazi wake, anakunywa maji, anakwenda moja kwa moja chumbani. Bi Mwaisha anamfuata na gunia. Dirisha linazibwa, jiko linaingizwa chini ya kitanda, mlango unafungwa, kila kitu kama kitakavyokuwa siku zenyewe.

Mwanahawa anashona. Athumani anachonga mpini wa jembe usio na ubovu wowote.

"Mbona kimya?" anauliza.

"Kimya ndicho ninachokitaka, Baba Salma."

Muhogo unamenywa wote. Unaoshwa, unatelekwa, unaanza kutokota. Mlango wa chumba bado umefungwa. Bi Mwaisha anakwenda kuufungua kidogo, anachungulia.

"Amelala," anasema. "Anakoroma kama baba yake."

Mwanahawa anaitazama mikono yake kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Jani la mwisho amelishona kinyume. Analifumua taratibu.

Muhogo umekwisha kuiva Salma anapotoka, uso umevimba kwa usingizi. "Mama," anasema, "nguo zangu za Nanyamba nani atanifuatia?"

"Baba yako," anajibu Mwanahawa. "Atazipitisha mbele."

Anachoomba sasa ni mwanawe ajifungue salama. Na baada ya arobaini? Mwanahawa anatupa jicho kwenye rundo lililo nyuma ya jiko. "Baada ya arobaini, yule mteja wa Mikindani atachukua mzigo wake."

Athumani ameinua kichwa. "Mteja gani huyo, mbona hajawahi kuja?"

"Ni mtu mzito, hasogei. Itabidi apelekewe."

"Mbali?"

"Si mbali," anasema Mwanahawa, anainua macho kwenye paa, na anachukua jani jingine. "Ni mwendo wa ngazi moja."