Jina la Duka la Mafuta ya Ufuta

Mwaka jana, kwenye benki moja pale Ruangwa, mbele yangu kwenye foleni alikuwepo mama mmoja kutoka kijiji cha Matambarale aliyetaka mkopo wa mashine ya kukamua ufuta. Afisa akamwambia, "Mama, tunakopesha biashara iliyofikisha miaka miwili."

Mama akatundika mkoba begani taratibu. "Mwanangu, ikishafika huko nitakuja kwako kufanya nini?"

Akavuka barabara, akaingia benki nyingine. Udadisi ukanivuta nyuma yake. Afisa wa huko aliomba kuonja mafuta ambayo mama aliyakamua kwa mkono na kuja nayo mkobani. Akalamba kidole, akavuta fomu.

"Biashara inaitwaje?"

Mama akafikiri kidogo. "Andika Mlango wa Pili."

Leo mashine inanguruma dukani kwake, pale pale mjini. Wageni wakituuliza sisi wateja wake mlango wa kwanza uko wapi, tunawaonyesha ile benki iliyomkatalia.