Ng'ombe wa Babu Ndani ya Darubini

Tangu darubini ifike shuleni kwetu, huku karibu na Mikinduri, Jumamosi zangu ziligombaniwa na watu wawili. Mwalimu wa fizikia alinitaka kwenye klabu ya nyota. Babu, ambaye ndiye anayenilea, alinitaka juu ya mti nikichuma miraa. Siku moja akapanda kilima hadi shuleni kunichukua, panga mkononi, nikajua klabu imeniishia.

Mwalimu hakubishana naye. "Mzee, chungulia kwanza."

Sasa, mtu wa kwetu ukimpa darubini hana haja na mbingu. Anatafuta shamba lake, aone kama kuna mwizi kwenye miraa. Babu akaielekeza ng'ambo ya bonde, kisha akapiga ukelele: "Ng'ombe wangu amekufa! Miguu iko juu!"

Akashika njia mbio.

"Babu, rudi!" nikamwita. "Na nyumba yako je? Nayo imekufa?"

Akarudi akihema, akachungulia tena. Kweli, nyumba ilikuwa imesimama kwa paa.

"Darubini hii hupindua kila kitu," mwalimu akamweleza. "Ukitazama nyota haidhuru, kule hakuna juu wala chini."

Nilicheka hadi nikakaa kwenye nyasi.

"Cheka tu," Babu akasema. "Leo utakula kwa mwalimu."

Lakini hakuondoka. Jua lilipozama, mwalimu akamtafutia Mshtarii, sayari kubwa kuliko zote. Babu akaona kiduara cheupe, na kando yake vinukta vinne vimejipanga mstari mmoja.

"Ile ni miezi yake, mzee. Zamani watu waliamini kila kitu cha mbinguni kinatuzunguka sisi. Darubini zilipokuja, wakaona hivyo vinne vinazunguka kwingine kabisa."

"Kwa hivyo katikati si kwetu?"

"Si kwetu."

"Wala si kwako, Babu," nikaongeza, nikakwepa kofi.

Babu akainama tena pale kwenye lenzi. "Na Mungu alituona tukijidanganya hivyo miaka yote, akanyamaza tu?"

Tulishuka kilima pamoja. Karibu na lango la nyumbani akasema, "Jumamosi uwe unaenda huko. Miraa nitachuma mimi."

Na anachuma kweli, na goti lake la kushoto linamuuma. Nikimwambia nitamsaidia Jumapili baada ya kanisa, anakataa, eti mimi huvunja matawi. Nikianza kumshukuru ananiuliza kama nimelisha mbuzi. Basi asante yangu nimeiandika hapa, mahali ambapo hawezi kunikatiza.