Pumzi Alizozizima Anold

Watu wa Chalinze wanamwita mume wangu Fundi Anold, na wapo wanaomletea redio zilizokufa. Nawarudishia mlangoni. Yeye anarekodi kwaya. Studio yake ni chumba kimoja nyuma ya duka la pembejeo, ukutani kapigilia magodoro makuukuu ili honi za malori zisiingie kwenye nyimbo. Mimi ndiye ninayepokea simu, kupanga zamu za wanakwaya na kuwafokea wanaoingia na viatu vya tope. Naitwa Hope. Nina mdomo, sikatai, muulize yeyote pale stendi. Ndiyo maana habari hii inaniuma: mara moja tu nilipotakiwa kusema, nilinyamaza.

Januari alikuja dada yangu Katarina na kwaya yake kutoka Ubena. Dada Kata alikuwa mwalimu wa darasa la tatu, miaka arobaini na mmoja, na alikuwa anaongoza nyimbo pale kanisani tangu mimi sijavunja ungo. Kwaya ilikuwa inatimiza miaka ishirini na mitano. Wakataka albamu ya nyimbo nane, izinduliwe Jumapili ya Utatu Mtakatifu.

Sasa Anold harekodi wimbo mzima kama unavyoimbwa kanisani. Anachukua vipande. Kwenye kompyuta kila sauti ina mstari wake: sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu, besi, kinanda, na juu kabisa mstari wa kijani alioupa jina KATA. Wimbo unaanzia kushoto unaishia kulia, na kila kilichoimbwa kinakaa pale kama kitambaa mezani kwa fundi cherehani. Kipande ukikipenda unakinakili na kukibandika mbele. Usichokipenda unakizima, kinageuka kijivu. Hakijafutwa, kipo palepale, ila hakisikiki. Kiitikio kikiimbwa vizuri mara moja kinabandikwa mara nne, basi. Kwaya zote za barabara hii zinarekodiwa hivyo na hakuna anayeuita uongo.

Wimbo wa kwanza dada aliimba ubeti mzima bila kusita, na mwishoni akatoa noti ya juu iliyomfanya Anold avue spika za masikioni acheke. Wimbo wa pili alisimama katikati, akasingizia vumbi la magodoro. Ilipofika Februari, kwenye wimbo wa tano, ubeti wa mistari mitatu aliuimba kwa vipande sita.

Nilikuwa nimesimama nyuma ya Anold, nikaona kwa macho yangu. Vipande vya kijani vilikuwa vinazidi kuwa vifupi, na kati ya kimoja na kingine kulikuwa na vinundu vidogo vidogo.

"Hivi ni nini?" nikamuuliza.

"Pumzi zake. Huwa nazitoa."

Akazibonyeza moja moja zikageuka kijivu. Kila mwimbaji huvuta pumzi, najua, na za wengine pia alikuwa anazitoa. Lakini za dada zilijaa mstari mzima. Niliogopa, nasema ukweli.

Wenzake walipotoka kwenda kunywa chai, dada alibaki kwenye kiti. Miguu ilikuwa imevimba, mikanda ya sandali imezama kwenye nyama. Akatuambia usiku hawezi kulala chali, anaegemea mito mitatu.

"Shemeji Dominiko anajua?" nikamuuliza. Dominiko ni mumewe, na ndiye mwenyekiti wa kwaya.

"Anajua nimechoka. Tumepanga likizo ya Pasaka anipeleke Dar nikapimwe. Ila kwaya wasijue, Hope. Wakijua watamsimamisha Vaileth mahali pangu, na hii albamu nimeisubiri miaka yote hii." Akamgeukia Anold. "Shemeji, sauti yangu itengeneze vizuri. Haya mengine yabaki humu ndani."

Anold hajui kumnyima kitu mtu wa ukweni kwake. Alikubali. Nami nikakubali, kwa sababu Pasaka haikuwa mbali.

Wiki moja kabla ya Pasaka, Anold akautuma wimbo wa tano kwenye kundi la wasapu la kwaya. Aliupanga kwa ustadi, siwezi kumnyima sifa yake. Vipande vyote vya dada aliviunganisha usione mshono. Mwishoni alichukua ile noti ya juu ya Januari, akaivuta ikawa ndefu mara mbili ya alivyoiimba mwenyewe. Ukiusikiliza utadhani mwanamke yule hajui kuchoka.

Jioni ileile Dominiko akanipigia simu, anacheka.

"Shemeji, umeyasikia mapafu ya dada yako? Na mimi nilishaanza kuogopa bure. Hiyo safari ya Dar tutaisogeza mbele, tumalize kwanza uzinduzi. Mwenyewe kasema sawa."

Jamani. Maneno yalikuwa mdomoni. Ningesema neno moja tu, shemeji, ule wimbo umeungwaungwa, mke wako anaumwa. Nikasema, "Nimesikia, shemeji, kaimba vizuri." Kisha nikaenda kumgombeza Anold.

"Mwambie Dominiko ukweli."

"Tulimwahidi dada."

"Basi hata pumzi mbili zirudishe, mumewe azisikie."

"Hope, nikizirudisha huo wimbo hausikiliziki." Akanigeukia. "Na wewe si una simu? Mbona humwambii?"

Nilimnunia siku tatu, na kwa Dominiko pia sikupiga.

Siku ya uzinduzi uwanja wa kanisa ulijaa. Kwaya ilisimama kwenye pleibeki, kama wanavyofanya wote siku hizi: wimbo unatoka kwenye spika, waimbaji wanacheza na kufuatisha kwa midomo. Dada alisimama mbele na kitenge kipya. Watu wakawa wanatoka kumtuza mmoja mmoja. Wimbo wa tano ulipofika mwisho alishika bega la Vaileth, akakaa chini taratibu, akalala ubavu. Ile noti ikaendelea. Waliokuwa nyuma hawakuona kitu, wakapiga vigelegele. Nilisukuma watu mpaka kwa Anold, pale kwenye mitambo, nikachomoa waya wa spika mwenyewe.

Hospitali walimwekea oksijeni. Daktari alikuwa binti mdogo, mpole, kashika faili.

"Alianza kukosa pumzi lini?"

"Leo," Dominiko akasema. "Dokta, huyu ni mwimbaji. Sikiliza." Akatoa simu akaucheza wimbo wa tano pale kitandani. "Hii kairekodi kabla ya Pasaka. Mtu anayekosa pumzi anaimba hivi?"

Daktari alisikiliza hadi ile noti ndefu. Akatikisa kichwa, akaanza kuandika.

"Usiandike kwamba kaanza leo," nikasema. "Shemeji, zima hiyo simu. Siyo hivyo alivyoimba."

Anold alitoka, akarudi na kompyuta kutoka kwenye gari. Akanyamazisha kinanda, akanyamazisha kwaya nzima, mstari wa KATA ukabaki peke yake. Kisha akaanza kuvirudisha vile vipande vya kijivu. Tukasikia neno moja, halafu mtu anavuta pumzi kama anayetoka majini. Neno jingine. Kikohozi. Sauti ya dada mwenyewe ikisema, subiri kidogo, shemeji. Tena pumzi.

Kila rekodi ilikuwa na tarehe yake. Daktari akamwomba arudie ile ya Februari, akainamia spika, akaisikiliza mara mbili, kisha akaibonyeza miguu ya dada iliyovimba.

"Huu ni moyo," akasema. "Mngemleta hapa Februari, tungekuwa na mengi ya kufanya. Sasa umeshachoka sana, tutajaribu kumpunguzia tabu tu." Akafunga faili, akaenda kupiga simu.

Dada alikuwa amefumba macho. Dominiko hakumtazama Anold hata kidogo. Alinitazama mimi.

"Shemeji, siku hiyo ya Februari na wewe ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Na nilipokupigia simu, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Akachukua kiti chake, akakihamishia upande wa pili wa kitanda, akakaa akinipa mgongo.